Fundi wa Kuni za Maganda

Fundi wa kuni za maganda ana kucha nyeusi kwa mafuta na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Maganda ya alizeti huyapata kwa magunia kutoka kinu cha mafuta, huyashindilia yawe magogo magumu ya kuwasha jikoni. Hata hivyo kila jioni hupita na ufagio kwenye benchi la dukani, ambapo wanawake wa kijiji chetu hapa Moldova hutafuna mbegu za alizeti, hutema maganda na kusengenya.

"Inueni miguu, mama zangu. Mnakanyaga moto."

"Moto gani? Huo ni uchafu," humjibu Bibi Agripina, na kumtemea ganda jingine kiatuni. "Kwenye jiko langu hauingii!"

Naye hulifagia huku akicheka.

Februari theluji iliziba njia ya msituni tunakokata kuni, na bomba la moshi la Bibi Agripina likaacha kutoa moshi. Kutoka uani kwangu nilimwona fundi akipitia nyuma, bustanini, ili watu wa dukani wasimwone, magogo kayaficha ndani ya koti. Akabisha.

"Bibi, nimekuletea mali yako. Si ulinitemea mwenyewe?"

Bibi akamtazama, akayatazama magogo.

"Mali yangu, halafu unaileta leo, nimeshakufa kwa baridi? Ingia, mwizi wewe, ufunge mlango!"