Nazi ya Kuumwa

Nakumbuka asubuhi moja ya likizo niliyoianza nikiwa mwalimu nikaimaliza nikiwa nimelala kifudifudi. Usicheke nikikuita mwanangu. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi cha nne. Kwa hesabu za bweni letu mimi ni babu yako, na babu husikizwa hata akiwa na chunusi.

Shangazi yangu, Bi Rukia, alikuwa na shamba la minazi Mtongwe, huku Likoni. Minazi yake ilijaa maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani wakafanya viota, na ambao humuuma mtu kama aliyewatukania mama. Wakwezi walikuwa wamechoka. Walimwambia Shangazi apulize dawa shamba zima, la sivyo watakwenda kukwea kwa jirani.

Shangazi hakuweza kukubali wala kukataa. Msimu uliotangulia alikuwa amepuliza minazi michache ya kisimani, na vidaka vyake, zile nazi changa zisizotimia ngumi, vikaanguka hadi ufagio ukachoka. Bila wakwezi, nazi zingezeeka juu. Kwa dawa, zingeanguka kabla ya kuwa nazi. Na shamba lile, mwanangu, ndilo lililokuwa likinisomesha.

“Wewe si wa chama cha mazingira shuleni?” akaniuliza. “Hebu kawafundishe.”

Saa ya chai, wakwezi wakila mihogo, nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa nikahutubu. Nilianza na bayoanuwai, neno nililolipenda kwa urefu wake: kwamba viumbe wa kila namna wameshikana kama mkeka, ukichomoa ukili mmoja mkeka unaachana. Kwamba yuko mdudu anayefyonza vidaka, na maji moto ndio wanaomla. Yote kweli. Mkubwa wa wakwezi, Baba Mwanasha, alimaliza muhogo wake kwanza.

“Mwalimu, ushakwea mnazi wenye maji moto?”

“Bado, ami. Lakini kisayansi...”

“Basi sayansi ikikwea, na sie tutakwea.”

Shangazi akatazama pembeni. Nikakwea. Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, ila hawakutaja kasi. Sikufika nusu ya mnazi. Waliniingia kwapani, shingoni, na mahali ambapo sitapataja, kwa kuwa karatasi hii huenda ikasomwa na mwalimu wa zamu. Nilishuka nikiiacha ngozi ya kifua kwenye gome. Wakwezi walicheka mpaka chai ikapoa.

Baba Mwanasha hakucheka sana. Alinipaka mafuta ya nazi mgongoni, akasema polepole: “Bwana mdogo, maneno yako huenda ni kweli. Lakini mdudu umemwonea huruma, mkwezi hukumwonea.”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekisifu nikiwa nimesimama.

Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza kabla ya kupanda kinu: “Nyinyi mwafanyaje, ami?” Wakajibu wote kwa pamoja. Alfajiri, umande ungalipo, maji moto huwa wazito. Majivu mikononi na miguuni huwapunguza. Lakini kuumwa utaumwa tu.

Tukaenda na Shangazi kisimani, kwenye ile minazi iliyopulizwa, mimi nikitembea miguu panda. Baba Mwanasha akaokota kidaka, akakigeuza. Kilikuwa na kovu jeusi la yule mdudu mfyonzaji, lililovuja utomvu. Kawaida ya wakwezi ni kuchukua nazi moja kwa kila mnazi wanaoukwea. Akainua macho juu, kwenye makole ya kushikia nazi, yaliyobaki matupu.

“Hapa yangu i wapi?”

Shangazi akakata shauri: mnazi wenye maji moto, mkwezi atachukua nazi mbili. Ya pili ni ya kuumwa. Mkebe wa dawa ukarudi stoo. Kesho yake alfajiri walikwea wakiwa weupe kwa majivu kama mizimu, wakilitukana kila kuti, lakini walikwea.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukienda mahali pa kazi kufundisha watu faida ya viumbe, usianze na mdudu. Anza na anayeumwa naye. Uliza anaumwa wapi, kisha umtafute anayefaidika, naye amwongeze mwenziwe nazi. Kiumbe anayelindwa kwa maumivu ya mmoja na shibe ya mwingine hakosi siku moja kupuliziwa dawa.

Mola akuzidishie elimu, na kila atakayekukosoa awe na mafuta ya nazi mkononi. Na siku utakapokwea, akushushe polepole.