Migomba ya Marta

Mwalimu Naftali Sumari alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Miaka ishirini ya chaki na kukaririsha sayansi, na juu yake ugomvi wa migomba. Bwana shamba, Mwingereza, aliagiza migomba yote ing'olewe kwenye kahawa, eti inanyonya maji. Naftali aling'oa nusu ya shamba. Nusu ya pili Marta, mkewe, aligoma katakata: huku Meru kahawa ni ya mume, mgomba ni wa mke. Jumamosi hiyo Naftali alikuwa amenoa panga aimalize iliyobaki.

Ndipo akatokea Elinaza, mwanafunzi wake wa zamani, sasa anasoma sayansi ya mimea Makerere.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenyong'onyea hivyo?"

Kijana akaeleza. Likizo ikiisha lazima arudi chuoni na swali lake mwenyewe la kuchunguza, lisilo na jibu vitabuni. Akilikosa, shahada ataisikia kwa wenzake. "Nipe hata moja tu, Mwalimu."

Ee Mungu wangu! Naftali alitamani ampe, akalale. "Nikikupa litakuwa langu," alisema, akatwaa panga lake. "Twende shambani."

Walizunguka mpaka magoti yakamuuma Mwalimu. Elinaza alimwaga aya nzima nzima za vitabu, hajatazama hata jani moja. Kakaririshwa vizuri, na aliyemkaririsha alikuwa nyuma yake akihema. Naftali akaketi ukingoni mwa mfereji.

"Hebu nyamaza kwanza. Shika udongo."

Kijana akashika palipong'olewa migomba, akashika upande wa Marta. Akarudia.

"Mwalimu, kama migomba inanyonya maji, mbona kwa Mama pana unyevu, na huku peupe pamekauka?"

"Sijui."

Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mwanafunzi. Elinaza alimkodolea macho, kisha akaruka. Swali kalipata!

"Basi usiing'oe, Mwalimu! Pande zote mbili zibaki hivi hivi, nipime misimu mitatu."

"Misimu mitatu? Unamjua mama yako huyu wewe? Kila siku anadai nirudishie niliyoing'oa."

Marta, aliyekuwa karibu akikusanya majani ya ng'ombe, alicheka mpaka akashika kiuno. "Karibu vitani, mwanangu."

Misimu mitatu ya maneno, na bwana shamba naye wa kumjibu! Naftali alichoka upya kwa kufikiria tu. Akamnyooshea mkewe panga.

"Haya, shika. Katia ng'ombe majani."