Kidole cha Kitsao

Kitsao alibeba magunia bandarini Kipevu miaka ishirini na miwili, hata mgongo ukagoma. Kwa hiyo aliposikia yadi moja ya makontena inatafuta karani wa getini, wa kuandika madereva kwenye kompyuta, alikwenda kwa Salha, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Magongo, akamwomba amfundishe.

Kibodi ya Salha ilikuwa kuukuu, maandishi yote yamefutika. Kitsao alijifunza kwa kuhesabu vitufe. Kilichomtesa ni alama ya @ ya barua pepe.

"Shikilia shifti, baba, usiiachie. Kisha kitufe cha mbili," Salha alimwambia kila siku. Wiki mbili zikapita, kidole kikajua njia chenyewe.

Siku ya mtihani kule yadini, Elkana, karani wa ofisi aliyekuwa akiwasimamia waombaji, alimpa karatasi yenye barua pepe ya dereva. "Dakika tatu. Ukikosea, umekosa."

Kitsao aliandika jina bila kosa. Akashikilia shifti, akabonyeza mbili. Zikatokea alama za kunukuu. Akafuta. Akarudia. Zikatokea zile zile. Jasho likamtiririka.

"Mzee, hapa si kanisani, usiiombee mashine," Elkana akasema. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka.

"Mwanangu, kitufe hiki kimeharibika."

"Kitufe kizima. Kidole ndicho kibovu."

Kitsao akakitazama kidole chake. Akaamini. Akajaribu tena, polepole, kama anayemgusa mgonjwa, hata Elkana akasema muda umekwisha.

Aliyefuata alikuwa Lynnette, msichana mrembo. Kitsao hajafika mlangoni, akamsikia Elkana akimnong'oneza kwa sauti ya asali: "Dada, kompyuta hii imepangwa kivingine. Hiyo @ iko huku kulia, karibu na Enta. Wote wa asubuhi wameangukia hapo."

Kitsao akageuka. "Ulijua?"

"Hukuuliza."

"Nipe dakika moja tu, mwanangu. Sasa najua ilipo."

"Sasa hata mbuzi anajua. Funga mlango, baridi ya AC inatoka."

Kitsao akaufunga taratibu, usije ukabamizika. Uani lori la saruji lilikuwa limefika, na nyapara Kimani anahesabu vichwa vya wabebaji.

"Wewe mzee, unabeba au unatalii?"

"Nabeba," akasema Kitsao, akainama. Gunia la kwanza likamtua mgongoni.