Viraka vya Kabuti la Ryoba

Wankyo hakuwahi kuwa mtu wa kusamehe, na waliokua naye kule Guta watakuambia hivyohivyo. Alipokuwa na miaka tisa, jirani alimuua kuku wake kwa jiwe. Mtoto akanyamaza misimu miwili ya pamba, watu wakadhani amesahau. Siku jirani alipoanika pamba yake yote uani, Wankyo akaenda kufungulia mbuzi wa kijiji kizima. Hakukimbia. Alisimama palepale mpaka mwenye pamba akaja kumwona.

Mama yake, Boke, alimchapa kwa ajili ya majirani, kisha akaingia ndani kucheka. Boke huyo ndiye aliyeanzisha blanketi. Ujanani aliishi misheni ya Wamenonite karibu na Musoma, na huko bibi mmoja wa Kizungu akamfundisha kuunganisha nguo kuukuu kipande kwa kipande mpaka zikawa blanketi. Boke akaunga gauni lake la ubatizo, khanga zake, na shuka ya baba yake mzazi. Aliushona uso tu. Pamba ya katikati na kitambaa cha mgongo aliviahirisha kila mwaka, hadi macho yakamwisha na baadaye uhai. Wankyo alipoolewa aliondoka na uso huo ndani ya sanduku la bati, na yeye akaendelea kuuongezea vipande vya magauni yake.

Mumewe aliitwa Ryoba, mtu mpole aliyekuwa akichonga nguzo za mgodini Buhemba. Ryoba hakujifunika blanketi lile hata siku moja, na hakuwa na kiburi. Katika ukoo wao, mwanamume hagusi nguo ya mama mkwe wake. Akijifunika nguo hiyo kitandani amejivunjia heshima yeye na watoto wake, na aibu hiyo haimtoki mpaka kaburini. Basi baridi ikija, Wankyo alijifunika viraka vya mama yake na Ryoba akajifunika kabuti lake, kitanda kimoja, mipaka miwili. Walilicheka jambo hilo miaka ishirini na mitano.

Kabuti lenyewe lilikuwa la sufu ya kahawia, zito kama ndama mchanga, alilonunua Musoma kwa mshahara wa mgodi. Usiku wa Uhuru alilivaa mjini na joto lote lile, jasho likimtiririka, akakataa katakata kulivua. Alisema nchi haipati uhuru mara mbili.

Sasa tumfikie Mwikwabe, na mnisamehe nikimtaja kwa jina bila heshima. Alikuwa mdogo wake Ryoba, tumbo moja, ziwa moja. Mwaka sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, Mwikwabe alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alitaka wakubwa waone kwamba yeye haangalii undugu. Nyumba ya kwanza kuezuliwa ikawa ya kaka yake. Ryoba alikuwa amelala humo siku ya sita ana homa ya mapafu.

"Shemeji," Wankyo alimwambia, "ngoja hata siku tatu. Mgonjwa hawezi hata kukaa."

"Nikianza kungojea wagonjwa, kijiji kitahama lini?" Mwikwabe alijibu, akapanda juu ya paa kuliezua mwenyewe kwa mikono yake.

Boriti ya paa ilimwangukia Wankyo akiliburuta sanduku nje, ikamvunja vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ryoba akabebwa kwa machela hadi kwenye kiwanja chao kipya kando ya barabara ya Bunda, akalazwa chini ya nyasi zisizozuia hata umande. Mvua ya vuli ikamkuta hapo. Siku ya kumi na moja ya homa yake akafa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msibani, maiti haijazikwa, Mwikwabe alilitungua kabuti la kaka yake, eti anasikia baridi, akasimama kuota moto mikono ikiwa mifukoni. Humo mfukoni akakuta kopo la ugoro wa marehemu. Alilifungua, akavuta, akapiga chafya, akacheka. Wankyo alimtazama kutoka kwenye mkeka wa wafiwa, na katika kifua chake kilio kikakatika palepale. Hakulia tena msiba ule. Chuki ilikuwa imechukua nafasi yote.

Mzee Enoka, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyemvua Mwikwabe lile kabuti, akamrudishia mjane alitunze. "Hiyo siku bado," alimwambia. Siku yenyewe ilikuwa ya arobaini, ya kuanua tanga, ambapo nguo za marehemu hugawiwa ndugu zake. Anayelitwaa kabuti hutwaa mji mzima, yaani ng'ombe, shamba na mjane. Wankyo hakuwa na mtoto wa kiume wa kumkinga. Mungu alimpa Robi peke yake, naye alikwisha kuolewa Butiama. Mwikwabe hakuficha kitu. Kabla wiki mbili hazijaisha alikuwa amepanua zizi lake, na kila akipita alimsalimu Wankyo kwa sauti ya mtu anayesalimia mali yake.

Wankyo alifikiri mengi. Alifikiri sumu, akaona sumu humaliza mtu upesi mno. Alifikiri kutoroka, akaona aliyetoroka humwachia mwizi nyumba. Siku moja akafungua sanduku kutafuta khanga, akaushika uso wa blanketi la mama yake, akakaa nao mapajani muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Mjane wa tanga hatembei ovyo, lakini hakuna wa kumkataza mtu kwenda hospitali. Alisema anapeleka vidole vyake Musoma. Akadandia lori la pamba, na furushi lake kubwa akamwambia dereva ni matandiko ya wodini. Ndani yake mlikuwa na uso wa blanketi, pamba iliyochambuliwa, mashati ya Ryoba yote, suruali zake, ovaroli ya mgodi, na kabuti.

Fundi Twalib alishonea kwenye baraza ya duka karibu na soko, na mji mzima ulimjua kwa mambo mawili, mshono wake ulionyooka na ulimi wake mrefu. Alilitandaza kabuti juu ya cherehani, akapapasa kola, akageuza bitana.

"Mama, hili kabuti zima kabisa. Unataka nilipunguze?"

"Nataka ulikate viraka. Hivi, vya kiganja. Na hizo nguo zingine zote. Uvizungushe kwenye hii blanketi mpaka ijae, halafu utie pamba na mgongo wa kitambaa cha marekani."

Twalib akaondoa mikono kama aliyeambiwa achinje punda. "Mimi na baba yangu tumeshona miaka hamsini katika mji huu. Nguo chakavu tunakata, nguo nzima hatuui. Mbona usishone mwenyewe huo uhalifu?"

Wankyo akanyanyua mkono wa kulia, vidole vimefungwa bendeji hadi kifundo. Kisha akamsimulia yote, paa, machela, ugoro. Hakupamba wala hakulia. Twalib akanyoosha mkono, akauchukua mkasi.

"Ila kuna sharti," Wankyo aliendelea. "Hizi za maua na hii nyeupe ni za mama yangu mzazi. Hizi za bluu ni zangu. Kila kipande cha marehemu kipakane na cha mama na cha kwangu, pande zote. Kusiwe na mahali mtu anaweza kukata apate ya mume wangu peke yake. Shona mara mbili mbili."

Fundi aliangalia maua, akaangalia kabuti. Alikuwa mtu wa pwani kwa babu na wa Mara kwa bibi, mambo ya wakwe aliyajua. Polepole uso wake ukafunguka.

"Huyo shemeji yako akikurithi wewe," alisema, "mama yako anakuwa mkwe wake."

"Ndiyo hivyo, fundi."

"Basi hii siyo blanketi, mama. Hii ni kesi."

Wankyo alimlipa kabla, makopo mawili ya samli na noti alizozifunga kwenye pindo la khanga, maana hakutaka kazi hii iwe na deni kwa mtu yeyote. Akaomba mkato wa kwanza ufanyike mbele yake. Twalib akanong'ona bismillahi, akaingiza mkasi chini ya kola. Sufu ile nzito ililia kama nyasi ng'ombe anapozing'oa. Wankyo aliusikia uchungu wa kumpoteza Ryoba, na juu ya uchungu ule furaha mbaya, tamu, ambayo hakuionea haya. Alisimama hapo mpaka mikono ya kabuti ikawa viraka.

Baadaye alirudi Musoma kubadilisha bendeji na kuchukua mzigo wake, akaufungia sandukuni. Siku zilizobaki aliitikia salamu za Mwikwabe kwa upole mpaka wanawake wa kijiji wakamsengenya kwamba amekwisha kukubali.

Siku ya arobaini ukoo ulijaa uani. Mwikwabe alikuja amenyoa ndevu, amevaa shati jipya. Robi naye alifika kutoka Butiama, mimba yake ya kwanza ikiwa ya miezi minane, akakaa karibu na mama yake. Pombe iliponywewa, Mzee Enoka akaagiza nguo za marehemu ziletwe. Wankyo akalivuta sanduku katikati ya watu, akatandaza blanketi juu ya mkeka, akalinyoosha pembe zote nne kwa mkono mmoja. Lilikuwa zuri. Hata maadui zake walikiri baadaye.

"Kabuti iko wapi?" Mwikwabe aliuliza.

"Si hiyo hapo, shemeji. Chukua."

Mwikwabe akainama, akashika ukingo kuvuta karibu. Wankyo alimngoja ashike sawasawa.

"Hapo uliposhika," akasema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa, "ni gauni la mama yangu mzazi. Lilikuwaga linagusa mwili wake kila Jumapili."

Mwikwabe aliachia kama aliyeshika kaa la moto. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa khanga, kisha kicheko kikazunguka ua mzima.

"Ameharibu mali ya marehemu!" Mwikwabe alifoka. "Nani alikuruhusu kukata?"

"Nani aliwahi kumkataza mke kushona nguo za mume wake?" Wankyo alimjibu. "Sijauza, sijatupa. Zote zimo. Hesabuni."

"Basi ikatwe, nipewe kabuti peke yake."

Mzee Enoka alipiga magoti, akaangalia mshono kwa macho yake mabovu, akafuata kipande hadi kipande kwa ncha ya fimbo. Aliinuka akitikisa kichwa. "Kila ukikata, mama mkwe yumo. Mwikwabe, unaichukua, au huichukui?"

"Nachukua ng'ombe. Hiyo takataka abaki nayo."

"Ng'ombe hawana mlango mwingine. Mlango ni kabuti. Sema kwa mdomo wako, watu wasikie."

Hapo ndipo Wankyo alipopata alichokuwa amekilipia. Mwikwabe alisimama mbele ya watu wa nyumba zake kumi, jasho likimtoka puani, akamtazama mzee, akatazama blanketi, akatazama ng'ombe tisa wa kaka yake kule zizini. Wankyo hakumwondolea macho. Alitaka dakika ile irefuke mpaka jua lizame.

"Siichukui," Mwikwabe akasema.

"Na mji?"

"Siuchukui."

"Na huyu mjane?"

"Simchukui!" Akapiga teke vumbi, akaondoka huku watoto wakimfuata kwa nyuma wakiigiza mwendo wake. Mzee Enoka akatangaza kwamba mji wa Ryoba utabaki mikononi mwa mkewe, na hakuna mwanamume wa ukoo ule atakayeudai tena. Wankyo akapiga kigelegele peke yake. Ukiniuliza mimi, Mwikwabe aliponea kwenye tundu la sindano, maana mwingine angemlisha sumu. Ukimuuliza Wankyo, atakuambia haikutosha.

Watu walipotawanyika, Robi alichutama kando ya blanketi akilipekua.

"Mama, shati la baba hukubakiza hata moja? Nilitaka kumpokelea mtoto."

Wankyo aliliangalia blanketi upya. Siku arobaini alikuwa amelala na kuamka na Mwikwabe kichwani, na binti yake hakumkumbuka hata mara moja.

"Chukua lote," akasema haraka, akilikunja na kumsukumia mapajani. "Ni lako. Mpokelee humu."

Robi akatafuta kiraka cha shati lenye mistari, akakiweka puani, akafumba macho. Kisha akalirudisha blanketi taratibu kwa mama yake.

"Nitalipeleka wapi, mama? Nyumba yetu ina kitanda kimoja, na nguo zako zimo. Mume wangu ni mkweo, na hana kabuti la kujifunika kando kama baba."

Wankyo alilitandaza upya. Alipapasa kwa vidole vyake vilivyopinda, safu baada ya safu, akitafuta kiraka kimoja cha Ryoba kinachoweza kutoka chenyewe. Twalib alikuwa ameshona mara mbili mbili, kama alivyolipwa. Robi akajifunga khanga vizuri juu ya tumbo, akamuaga mama yake, akashika njia ya Butiama mikono mitupu.