Kikapu cha Vikwembe Mlangoni, na Suruali ya Binti Yangu

Admin, niweke bila jina tafadhali, maana wamama wengi wa kanisa letu wanasoma ukurasa huu wakati wa mahubiri, wakijifanya wanatafuta andiko kwenye simu. Nawajua. Ninasimama nyuma yao.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo, mkazi wa Butembo. Nauza vikwembe, vitenge vya kujifunga kiunoni, sokoni, nina mume mmoja na magoti mawili yanayonuna kila asubuhi ya baridi. Kanisani niko protokole, ndiye mama anayepokea watu mlangoni. Pembeni yangu kuna kikapu cha vikwembe. Msichana akija na suruali, ao sketi ya kubana, ninamfungia kimoja kiunoni, anaingia, anasali, akitoka ananirudishia. Ndiyo desturi yetu, na kusema kweli ninaipenda. Siku moja nilimfunga mgeni, kumbe ni mke wa mchungaji wa kanisa lingine. Ninafanya kwa utani, hakuna anayekasirika sana. Baba watoto anasema ninalinda biashara yangu kuliko utakatifu.

Binti yangu wa kwanza ameolewa Beni. Yeye na mume wake walikuwa na shamba la kakao nje ya mji, mpaka watu wenye silaha walipovamia, wakakimbia kama wengine. Wakati huo alikuwa na mimba. Kila nilipomuuliza kwenye simu walikimbiaje, alijibu tu, “Tulifika, Mama. Mungu asifiwe.” Nami nikaacha kuuliza.

Mwezi uliopita alikuja na mtoto, tupange siku ya kumleta mbele ya Mungu abarikiwe, hapa hapa alipobatizwa mama yake. Jumapili nilimtangulia kanisani. Baadaye nikamwona anashuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mtoto mgongoni, yeye na suruali nyeusi. Nikamtania kwa sauti: “Eh! Kikwembe uko nacho, lakini umefungia mutoto, ule hana pantalo!” Watu wakacheka. Nikachukua kimoja kikapuni, nikamzungushia kwa nyuma, nikakaza fundo.

Binti yangu akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake hata alipokuwa mdogo. Akakivuta kile kitambaa kama kinamchoma, akatoka mbio mpaka barabarani, mtoto akilia mgongoni. Mimi nikabaki pale na mikono hewani, na utani wangu wote umenikaukia mdomoni.

Nyumbani alinieleza akinyonyesha, bila kuniangalia. “Mama, siku ile tulikimbia na jirani, ule mama alinifundisha kukausha kakao. Miye nilivaa pantalo ya bwana yangu, maana na ile mimba nguo zangu hazikunitosha tena. Yeye alikuwa na kikwembe. Kikamufunga miguu, akaanguka. Nikamuvuta, kikwembe kikakwama mu miti. Bale batu bakakaribia. Nikamuacha.” Akamhamishia mtoto titi la pili. “Tangu siku ile hapana kitambaa mu miguu yangu. Hata kulala, nalala na pantalo.”

Nikamwambia niende nieleze kanisani, wataelewa. Akakataa kabisa. “Usibaambie, Mama. Sitaki babariki mutoto yangu kwa sababu ya huruma.”

Basi nikaenda kwa mzee wa kanisa, nikamwomba tu binti aingie alivyo, bila kutoa sababu. Akaniangalia juu ya miwani. “Mama, weye umefunga batoto ya batu bote. Leo wa kwako ndiye pantalo yake iko takatifu?” Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Binti anasema basi mtoto akabarikiwe Beni, kule hawaulizi mavazi. Lakini namjua. Akiondoka hivyo, mlango wangu hataukanyaga tena, wa kanisa na labda hata wa nyumba.

Andiko la mavazi ya mwanaume na ya mwanamke nalijua, nimelisoma kwa wasichana wengi. Na bado ninaamini mtu avae kwa heshima mbele ya Mungu. Ila najiuliza: suruali ambayo Mungu alimwokoa nayo binti yangu, mjukuu wangu akiwa tumboni, Mungu huyo huyo anaikataa mlangoni kwake?

Jana nilijaribu suruali ya baba watoto, nikiwaza nisimame nayo Jumapili, wanifunge mimi kwanza. Ilipanda mpaka magotini ikagoma. Mzee wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akauliza, “Kweli ungefanya?” Nikamrudishia suruali yake.

Siku ya baraka ni Jumapili hii. Nikimfungia, namrudisha kule porini. Nikimpitisha, kila msichana niliyemfunga atanidai sababu, na sababu nimekatazwa kuitoa. Hata kuandika hapa naona kama nimeshaichungulisha. Nikibaki nyumbani, mama mwingine atashika kikapu, na yeye atakaza fundo akicheka, kama nilivyofanya mimi.

Na wewe uliyenitambua, uliye mbele yangu kila Jumapili, usiseme neno kwa mtu. Nishauri tu kama mgeni. Ndugu zangu, atakapofika pale mlangoni na mtoto wake, mikono yangu hii niifanyie nini?