Paswadi ya Herufi Ishirini na Mbili

Mahojiano ya binti yangu yalikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwa video. Chuo cha uuguzi kilikuwa na nafasi ishirini za kusomeshwa bure, na kila mwombaji alipewa dakika kumi na tano. Saa tatu na nusu alikuwa amekaa mezani, hapa kwetu Majimbo, shati jeupe limepigwa pasi, na kompyuta inamwambia asiizime.

Ilikuwa inajisasisha. Nani aliiomba? Ilipanda hadi asilimia tisini na tisa, ikakaa hapo kama mgeni aliyenusa chapati. Ilipowaka, kila kitu kilikuwa kimehamishwa, na pembeni palikuwa na alama ya dunia iliyokatwa mstari. Hakuna mtandao.

Nikapigia kampuni ya mtandao. Mama wa huduma kwa wateja akaniambia nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nikahesabu. Nikahesabu tena, maana mara ya kwanza nilikuwa na hasira, na hasira huruka namba. Jina la waifai yetu likatokea, na chini yake kisanduku: weka paswadi.

Paswadi hiyo kompyuta ilikuwa nayo tangu mwaka jana! Imejisasisha, imesahau.

"Angalia kibandiko chini ya ruta," mama akasema.

Ya kibandiko ilikufa. Mwaka jana nilihesabu simu zilizo kwenye waifai yangu nikapata kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Nyumbani tuko watatu. Majirani walikuwa wanatazama mpira kwa jasho langu. Nikaweka paswadi mpya ya herufi ishirini na mbili, nikaiandika mahali tunapoandika kila kitu cha maana, yaani kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la dawa za mifugo, juu ya picha ya ng'ombe.

Nikageuka. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka huu.

"Ukiirudisha ruta ilivyotoka kiwandani," mama akaendelea, "lazima fundi aje kuiweka upya. Jumatatu."

"Punguza."

"Samahani?"

"Jumatatu ni mbali. Sema ya mwisho."

"Ya mwisho ni Jumatatu, mzee."

Nikakata simu. Simu yenyewe ni ya vibonyezo, kwa sababu nilikataa kununua ya kugusa. Ile moja tuliyo nayo mke wangu alikuwa ameenda nayo Mitunguu kuchukua ndizi.

"Baba, omba jirani simu," binti akasema.

Nilitoka hadi mlango wa kwanza. Nikainua mkono nibishe. Nikakumbuka jinsi nilivyomcheka mwenye nyumba hiyo aliponiuliza kama waifai imeharibika. Nikarudi. Saa nne kasoro dakika nane.

"Kalenda ya zamani iko wapi?"

"Mama alipatia shangazi. Ya kufunikia vitabu."

Naam. Kila Januari kalenda kuukuu hukatwa ikawa nguo ya vitabu vya shule. Nikampigia dada yangu, anayekaa Karurumo.

"Tafuta kitabu chenye ng'ombe."

"Ng'ombe alikatwa. Kichwa kiko kwa hesabu, mkia uko kwa sayansi."

"Kuna herufi nimeandika juu ya mgongo!"

"Mgongo uko kwa Kiswahili. Ngoja." Nikasikia kuku, mlango, kiti kikiburutwa. "Haya. M."

"Kubwa ama ndogo?"

"M ya kawaida."

"Hakuna M ya kawaida!"

"Wewe, usinipigie kelele. Ni wewe uliiandika." Akasoma kumi na nane, akakwama. "Zingine zimeingia ndani. Nilipaka gundi."

"Rarua."

"Nirarue kitabu cha mtoto? Utanunua kingine?"

"Nitanunua viwili!"

"Umesema viwili," akasema, na karatasi ikalia.

Mara ya kwanza ilikataa. M ilikuwa ndogo. Tuliingia saa nne na dakika kumi na moja. Zilibaki dakika nne.

Nilisimama nyuma ya pazia. Mzee mmoja wa jopo akamuuliza kwa nini amechelewa.

"Baba aliwafungia majirani waifai," binti yangu akasema, "akatufungia na sisi."

Jopo zima likacheka. Kisha wakamuuliza kwa nini anataka uuguzi, akaanza vizuri, sauti haitetemeki, na alipofika pale pa nyanya yake alivyougua, wakamshukuru na kumwita anayefuata.

Dada yangu nilimpelekea vitabu viwili. Akavihesabu.

Orodha ya chuo ilitoka baada ya wiki tatu. Binti yangu yuko juu kabisa ya orodha ya akiba, mtu wa kwanza kuitwa mwingine akikosa kwenda. Waliochukuliwa ni ishirini. Nimewahesabu kwa kidole, kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Bado ni ishirini.