Tumbo la Changu wa Bibi

Harufu ya mafuta ya taa mpaka leo hunitia hamu ya samaki. Duka la ujamaa pale Somanga lilikuwa na friji moja, la kuwashwa kwa utambi wa mafuta ya taa, na sisi watoto tulijipitisha pale kila saa ili mlango ukifunguliwa tupulizwe na baridi. Enzi hizo Bibi, mzaa mama, alikuwa amehamia kijiji kipya huko Mitole, kwenye mihogo. Mwanamke aliyezaliwa pwani, sasa anakula ng'onda, samaki mkavu kama ukuni! Alituma salamu kwamba kabla hajafa anataka kuonja changu mbichi, mara moja tu. Tangu hapo Mama hakuwa na raha.

Lori la Mitole lilikuja lilipotaka, kwa hiyo samaki ilibidi angoje kwenye friji. Mama alimweka mzima mzima, kwani kwetu samaki wa mkubwa hapasuliwi kabla mwenyewe hajamwona. Ukimpelekea aliyefunguliwa tumbo, umempa makombo. Lori lilipofika, changu alikuwa na heshima zake zote na uvundo wake wote, na samaki wa wenzetu mle ndani wameshaanza kunuka. Samaki mmoja akioza, kijiji kizima kinanuna. Mama alilia, nami nilimwonea huruma sana.

Uozo ulikuwa umeanzia tumboni, kila mtu aliona. Mara ya pili Mama alishika kisu, akasita, akasema, "Mama atanisamehe." Akatoa matumbo na mashavu, akaosha hata ile damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo, akamfuta akakauka, akamlaza karibu na barafu. Muuza duka akakataza mlango kufunguliwa ovyo, na baridi yetu ya bure ikaishia hapo.

Kule Mitole, tulikofika na Mama kwa lori, Bibi aliitikia marahaba zake, akafunua majani ya mgomba, akaliona lile tumbo wazi.

"Nani kaanza kumla kabla yangu?"

"Kisu tu, mama," Mama akajibu. "Ningemheshimu, angeoza."

Bibi akamnusa kichwani, akamnusa tumboni, akarudia. "Huyu bado ana bahari," akasema, akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Jioni ile alikula kichwa chote, akafyonza mpaka mifupa, akatucheka tuliokuwa tukimtazama.

Leo umeme upo, barafu inauzwa barabarani, na bibi ni mimi, huku Tingi. Wajukuu huniletea changu kutoka Somanga, tumbo limeshafunguliwa na kusafishwa. Jirani mmoja mgeni, ambaye kwao samaki wa mkubwa bado huletwa mzima, aliniuliza kama sioni ninadharauliwa. Nikamwambia, kwetu mkubwa huheshimiwa hivyo.